Kura za Meindert wa Kipanga

Shemeji yangu Meindert Vredenduin alizaliwa na mshindo wa kinu masikioni. Baba yake alikuwa fundi wa kinu cha upepo cha kukamua mafuta ya kitani, hapa kwetu Zuiderkoog, kando ya mto Zaan, na kinu hicho kiliitwa Kipanga. Vinu vyetu vyote vina majina, kama ng'ombe. Kuna Kuku Mweusi, kuna Bibi Harusi, kuna Mvumilivu. Na watu wanaofanya kazi humo huitwa kwa jina la kinu, maana majina ya ukoo hayatusaidii kitu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na ndugu wote hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo babu mmoja anaweza kuacha wajukuu kadhaa wenye jina moja na ukoo mmoja. Meindert alikuwa na binamu aliyeitwa Meindert Vredenduin kama yeye, herufi kwa herufi. Yule binamu alisaga haradali, basi akawa Meindert Haradali. Wa kwetu akawa Meindert wa Kipanga. Radi ilipopiga Kipanga kikaungua mpaka msingi, jina halikuungua.

Kukamua mafuta ni kazi ya kelele. Magogo makubwa hupanda na kushuka kutwa nzima yakigonga kabari, mpaka mbegu zitoe mafuta yake, na masikio ya mtu hufa polepole bila yeye kujua. Baba yake Meindert alikuwa kiziwi kabla mvi hazijamtoka. Mkewe alimwita kula kwa kumpungia kitambaa. Meindert alizoea tangu utotoni kusema kwa sauti ya juu ili baba yake asikie, na sauti hiyo alikwenda nayo kila mahali, mpaka kwenye baraza la mji. Mabwana wa barazani walidhani ana hasira. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mtoto wa kiziwi tu.

Mimi niliishi nyumbani kwake baada ya mume wangu kufariki, kwa sababu mke wake, Aagje, ni dada yangu mkubwa. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, mengi yake nikiwa na birika mkononi.

Meindert hakuingia siasa kwa kupenda makuu. Kipanga kilipoungua alipata hisa ndogo katika kinu cha kusaga rangi, akajenga nyumba ya mbao ya kijani, akachaguliwa barazani kwa kuwa alikuwa mwaminifu na hakunywa pombe ya jini. Huko alikaa akisema habari za madaraja na mifereji kama wenzake. Lililombadilisha ni upepo kulala.

Ilikuwa yale majira ya baridi makali ambayo watu bado wanayasimulia. Mto uliganda, upepo ukalala wiki baada ya wiki, vinu vikasimama mikono juu kama watu wanaosali. Kinu kisipozunguka, fundi halipwi. Jirani yetu Gerbrand, msimamizi wa Kuku Mweusi, aliyecheza na Meindert tangu wakiwa watoto, alikuwa mtu wa kujitegemea kupita kiasi. Hakutaka kumwomba rafiki. Alichoma kiti, akachoma kitanda cha watoto, mwisho akaenda kwa wazee wa kanisa akachukua mkate wa maskini. Mke wake Neeltje aliuficha chini ya shali njia nzima.

Kumbe sheria ilikuwa inamngoja. Miaka michache nyuma, kwa sababu alipanga nyumba nzuri kidogo, Gerbrand alikuwa amepata haki ya kupiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Ulipokuja uchaguzi baada ya baridi ile, alivaa koti lake la Jumapili akaenda ukumbi wa mji, akarudishwa mlangoni. Aliyekula mkate wa maskini mwaka ule hakuwa na kura.

Kikao kilichofuata Meindert alisimama barazani, akasahau madaraja.

"Mwaka ule upepo ulivuma, Gerbrand akawa raia," akasema kwa ile sauti yake. "Mwaka huu umelala, si raia tena. Mabwana, basi tuache kumwombea Malkia, tuuombee upepo, maana ndio unaotuchagulia serikali."

Wengine walicheka, wengine wakakunja uso. Tangu siku hiyo hakuacha. Alikwenda kusema vijijini, Wormer na Krommenie, alisema kwenye mikahawa na kwenye ghala za mbao. Alisema kila mwanamume anayejua kusoma na kuandika na anayekula jasho lake apewe kura, na kwamba siku moja wanawake nao wapewe. Hilo la pili alilisema kwa kifupi, kwa sababu watu walianza kuvaa kofia waondoke.

Halafu ukaja mwaka wa elfu moja mia nane tisini na nne. Waziri mmoja alikuwa amepeleka Bungeni sheria karibu sawa na hayo aliyoyasema Meindert, Bunge likagawanyika, likavunjwa, nchi nzima ikaitwa kupiga kura. Chama chetu cha waliberali hapa jimboni kikapasuka katikati kama ubao mbichi. Upande mmoja walimsimamisha Meindert. Upande wa pili walimsimamisha Bwana Lubbert Kalverdijk, mwenye kiwanda cha kukoboa mchele.

Nisimseme vibaya Bwana Kalverdijk. Alikuwa mtu mpole, aliketi benchi la mbele yetu katika nyumba ya sala ya Wamenoni, dhehebu letu lisiloapa, na mume wangu alipozikwa alituma gari lake. Lakini aliamini kwamba watu wa vinu hawajawa tayari.

"Meindert," alimwambia mbele ya chama chote, "wewe unataka kumpa mtoto wembe."

"Anajua kunyoa, Lubbert," Meindert akajibu. "Kinyozi wako mwenyewe hana kura, na kila asubuhi unampa shingo."

Mkahawa mzima ulipiga meza. Hata Bwana Kalverdijk alicheka, akajishika shingo.

Siku zile karatasi ya kura ililetwa nyumbani ikiwa tupu. Hakukuwa na majina yaliyochapishwa. Mtu aliandika kwa mkono wake jina la yule anayemtaka, akaikunja, akaipeleka ukumbi wa mji akaitumbukiza sandukuni. Chaguzi zote za nyuma watu wetu walikuwa wameandika majina ya mabwana wakubwa, ambao waliwajua kwa jina la kwenye gazeti tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza wanamchagua mtu wa kwao.

Dada yangu aliliona jambo hilo kabla ya mtu yeyote. Tulikuwa tunamenya viazi, yeye na mimi, na Meindert anapaka viatu vyake rangi nyeusi.

"Meindert," akasema, "waambie watu waandike Vredenduin."

"Wataandika."

"Nani ataandika? Juzi Neeltje wa Gerbrand ameniuliza ukoo wetu ni nani. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu umenioa!"

Meindert alicheka, lakini si sana. "Sikiliza, Aagje. Mimi nasimama mbele ya jimbo zima nasema fundi wa kinu ana akili yake, anasoma, anaandika, hahitaji kushikwa mkono. Halafu kesho nipite mlango kwa mlango nikimfundisha mtu mzima kuandika jina langu? Lubbert atacheka mpaka mikanda ya suruali ikatike."

"Acha ikatike. Suruali si yetu."

"La, mke wangu. Ndilo neno langu lote hilo. Nikilifanya nimejikana mwenyewe."

"Basi nitapita mimi."

"Hutapita. Nakuomba."

Aagje alitupa kiazi kwenye ndoo kwa nguvu, maji yakanirukia mimi ambaye sikuwa nagombea kitu.

Siku ya kura niliwaona wanaume wakipita mbele ya dirisha letu. Walikuwa wamesugua mikono kwa mchanga ili mafuta ya kitani yatoke, wamevaa makoti ya Jumapili katikati ya wiki. Neeltje aliniambia Gerbrand, ambaye sasa alikuwa amerudishiwa haki yake, aliandika kura yake juu ya meza ya jikoni, ulimi nje, na kwamba kwa muda huo hakuna aliyeruhusiwa kukohoa, wala paka hakuruhusiwa kupita. Alipomaliza aliipuliza mara nyingi wino ukauke, kisha akatoka bila kofia, Neeltje akamkimbilia nayo barabarani.

Hesabu ilifanywa asubuhi iliyofuata, mbele ya watu wote. Mke wa mlinzi wa ukumbi alikuwa anaumwa mguu, kwa hiyo mimi niliombwa nimimine kahawa. Meya aliketi katikati na wenzake wawili, katibu pembeni, wananchi wamejazana nyuma ya kizuizi cha mbao. Gerbrand alikuwa mbele kabisa, kifua kimeegemea mbao. Bwana Kalverdijk na Meindert walisimama kila mmoja kwenye dirisha lake. Habari za vijiji vingine vya jimbo zilikuwa zimeshafika, na kila mtu alijua hali: Kalverdijk yuko mbele kidogo, imebaki Zuiderkoog, na Zuiderkoog ni nyumbani kwa Meindert. Akipata kura za vinu, amekwenda Bungeni siku hiyo hiyo.

Meya akaanza kusoma. "Bwana Kalverdijk. L. Kalverdijk. M. Vredenduin. Kalverdijk. Meindert Vredenduin." Kisha akafungua nyingine, akaisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali. "Meindert... wa Kipanga."

"Huyo tunamfahamu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa Meindert Haradali, yule binamu, ambaye hakuwa na chama chochote ila chama cha kucheka.

Meya aliiweka ile karatasi pembeni, akaendelea. "Meindert wa Kipanga." Pembeni. "Kalverdijk. Meinert wa Kipanga. Kipanga." Watu wakaanza kuchekacheka. "Meindert wa Kipanga mwenye sauti. Meindert wetu." Ikafika moja iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka: "Meindert wa Kipanga, si Haradali."

Hapo ukumbi ulilipuka. Haradali mwenyewe alijipiga mapaja. "Nani huyo? Ajitokeze! Yaani mtu amechovya kalamu mara ya pili kusudi anikatae mimi!"

Nilimtazama shemeji yangu. Alikuwa anatazama mezani. Lile rundo la pembeni lilikuwa limekuwa kubwa kuliko yale mengine mawili.

Meya alipomaliza alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, lakini aliiogopa sheria kama wengine wanavyoogopa radi. "Sheria inasema karatasi imtaje mtu bila shaka yoyote," akasema. "Nimeongea na wenzangu. Kipanga ni kinu kilichoungua. Katika mji huu hakuna mtu aliyeandikishwa kwa jina la Kipanga."

"Bwana Meya!" Haradali akaita. "Kama mnatupa Kipanga, basi zile za Meindert Vredenduin mnajuaje si zangu? Mimi ndilo jina langu, muulize katibu! Na nina koti jipya la kuendea Bungeni The Hague!"

Watu wakacheka tena, ila Meya hakucheka. Aliona kwamba mzaha ule una jino ndani yake. Wakakutanisha vichwa pale mezani, wakanong'ona muda mrefu, kahawa yangu ikapoa. Mwisho Bwana Kalverdijk alikwenda mezani akasema nao, kisha akaja dirishani kwa Meindert. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Meindert, mimi sitaki kiti cha namna hii," akasema polepole. "Kila mtu anajua ni kura zako. Meya yuko tayari kuzihesabu zote. Anachotaka ni maneno mawili kwenye kumbukumbu, ya kumkinga. Katibu, hebu soma."

Katibu akasoma. Yalisema kwamba watu hao, kwa sababu ya elimu yao ndogo, walishindwa kuandika jina la mgombea ipasavyo, na kwamba kamati, kwa huruma, na kwa ushahidi wa mgombea mwenyewe, imekubali kuzihesabu.

"Sema ndiyo tu," Kalverdijk akasema. "Kesho uko Bungeni, utaipigia kura sheria yako."

Mimi moyoni nilikuwa naomba, na Mungu anajua nilikuwa naomba aseme ndiyo. Nilimfikiria Aagje nyumbani, ameshatoa kitambaa kizuri cha meza.

"Rudia hapo kwenye kushindwa," Meindert akasema.

"Walishindwa kuandika jina la mgombea ipasavyo."

"Hawakushindwa."

"Meindert, ni maneno tu hayo."

"Nitafika Bungeni na maneno hayo mgongoni, Lubbert. Nitasimama niseme watu wa vinu wapewe kura, na mtu atanyanyuka anisomee ushahidi wangu mwenyewe." Alikuwa ameanza kupaza sauti, hakujua kusema siri. "Mimi na wewe tumefundishwa benchi moja. Hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo, na siyo yetu ni siyo. Ukiniuliza kama watu hawa walikosea kuandika jina langu, nasema siyo. Hilo ndilo jina langu. Hakuna aliyekosea katika Zuiderkoog!"

Nyuma ya kizuizi watu walipiga kelele za kumsifu, kofia zikarushwa. Nilimwona Gerbrand naye amenyanyua kofia yake, kisha akaishusha taratibu, akaitazama ndani.

"Basi nasikitika," Meya akasema, na kwa kweli alionekana anasikitika. "Kura zile zimeharibika."

Bila zile, hakuna aliyepita nusu ya karatasi zote zilizotumbukizwa. Ikapangwa duru ya pili baada ya siku kumi na kitu.

Siku hizo hazikuwa nzuri. Gazeti moja la upande wa pili liliandika kwamba jimbo letu limemchagua ndege. Watoto wa mabwana waliwapigia mluzi watoto wa vinu njiani kwenda shule: "Kip, kip, kip! Baba yako anaandika kama kuku!" Meindert alipita katikati ya hayo kichwa juu. Alisema mara mbili tatu kwenye mikutano mikubwa, akarudia kwamba hakuna aliyekosea, akashangiliwa. Aagje alimwuliza tena, safari hii kwa upole, kama angeruhusu apite nyumba kwa nyumba.

"Haina haja," akasema. "Sasa wanajua la kuandika. Na wanajua nilivyowatetea."

Na wengi kweli waliandika Vredenduin. Meya alisoma karatasi moja baada ya nyingine, safi, zimenyooka, na hakuna aliyetaja ndege. Hata Haradali alikaa kimya. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Meya kumwambia kwamba hana haja na kura ya mtu. Lakini zilikuwa chache. Watu ambao wangetosha kujaza mabenchi mawili ya nyumba ya sala hawakutokea kabisa. Gerbrand nilimtafuta kwa macho nyuma ya kizuizi, sikumwona.

Kalverdijk akawa mbunge. Alimpa Meindert mkono, Meindert akaupokea. Ile sheria ilikufa pamoja na waziri wake.

Watu wa jimbo wanajua yaliyofuata. Ilikuja sheria nyingine, nyembamba kuliko ile, na pamoja nayo karatasi zilizochapishwa majina, ambapo mtu hutia rangi kwenye kisanduku tu. Meindert aligombea tena akashinda, akakaa The Hague miaka mingi, mpaka masikio yake nayo yakafa kama ya baba yake, ikabidi jirani yake wa Bungeni amwandikie kinachosemwa. Alipiga kura kwa kila sheria iliyowafungulia watu mlango, na uzeeni aliiona siku wanaume wote walipopewa kura, na baada yake sisi wanawake. Na kabla ya kila uchaguzi alipita nyumba zote za vinu, moja moja, akakaa, akanywa kahawa ya kila mtu. Watu walisema ni tabia yake. Haikuwa tabia yake. Ilianza Jumamosi ile baada ya kushindwa.

Jumamosi ile alikuwa amekaa jikoni tangu asubuhi bila kusema, na mtu wa sauti ile akinyamaza nyumba nzima inasikia. Aagje alichota supu ya njegere kwenye sufuria ndogo, akaifunika, akanipa mimi.

"Mpeleke kwa Gerbrand," akaniambia, kana kwamba Meindert ni mzigo. "Wewe ushike supu, yeye ashike ulimi."

Neeltje alitufungulia mlango. "Hee! Karibu, mheshimiwa uliyebaki nyumbani," akasema, kisha akaona uso wake akajutia. "Ingieni. Vueni viatu, nimesugua sakafu."

Gerbrand alikuwa mezani, anachonga mpini wa shoka. Hakuinuka.

"Hukuja kupiga kura," Meindert akasema.

"Sikuja."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Mzima kama samaki."

Meindert alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Gerbrand, mimi nilitoa kiti cha Bunge kwa ajili yako. Nilisimama mbele ya mabwana wote nikasema hukukosea."

"Nilisikia. Mpaka Krommenie walisikia." Gerbrand aliendelea kuchonga. "Ulinitetea vizuri kule kwa mabwana. Hapa kwangu hukuja."

"Nije kufanya nini? Ulikuwa unahitaji nini?"

Gerbrand aliweka kisu chini. Alimtazama Neeltje, Neeltje akageukia jiko kuipasha supu yetu. Kisha akatoa mfukoni kipande cha chaki, ile wanayotumia kuweka alama kwenye magunia ya mbegu, akaandika juu ya meza, taratibu, herufi baada ya herufi. Nilisoma kutoka upande wa pili wa meza, herufi zimepinduka: *Meindert Fredenduin.*

"Nilikaa hapa na karatasi mpaka saa ya mwisho," akasema. "Sisi wote hapa tunatamka F. Wewe mwenyewe unatamka F. Lakini nikakumbuka bango pale darajani, kama si F vile. Sikuwa na uhakika. Nikasema nikikosea, Meya atainua miwani tena, asome mbele ya watu, na safari hii hakuna wa kucheka naye, nitakuwa peke yangu. Mwanangu tayari ameniuliza kama kweli baba hajui kuandika."

"Si ungeniuliza tu! Ukuta kwa ukuta!"

"Ningekuulizaje?" Hapo Gerbrand naye alipaza sauti. "Umewaambia watu wote kwamba Zuiderkoog hakuna anayekosea. Nani aje kukugongea mlango akuambie, Meindert, yupo mmoja hapa, mimi ninakosea?"

Nilisikia supu inachemka, na kinu cha Kuku Mweusi kule nje kinagonga. Mikono mikubwa ya Meindert ilikuwa imelala juu ya meza, pande zote mbili za yale maandishi ya chaki. Kisha akainyooshea ile F kidole, hakuigusa.

"Ni V," akasema.

"V?"

"V."

Gerbrand alifuta F kwa mkono wa shati, akaandika V, kubwa kuliko herufi zote. Akainamisha kichwa kuitazama.

"Basi ungesema," akamwambia. "Jambo dogo hivi."

"Ningesema," Meindert akajibu, na kwa mara moja katika maisha yake alisema kwa sauti ya chini, mpaka Neeltje akauliza kutoka penye jiko amesema nini.